Ametuita Mara Mbili

Mpendwa mshauri Mama Odell, naomba msaada, lakini kwanza pokea salamu zetu, maana mama yangu alinifunza kwamba barua isiyo na salamu ni kama mtu aliyeingia ndani bila kubisha hodi. Sisi hapa hatujambo, mume wangu Lonnie anakusalimu, goti linamsumbua lakini kiwanda cha kuku hakijui goti wala mgongo, mama yangu Bi Oletha anakusalimu, ametimiza miaka themanini na moja na bado anakata bamia bila miwani, binti yangu Amaris angekusalimu kama sauti angekuwa nayo, na hata mbwa wetu Duke, kiziwi tangu mwaka juzi, namtia humu kwenye salamu kwa sababu utaona mbele kwamba na yeye yumo.

Mimi shule niliishia darasa la tisa, kwa hiyo nikipinda nisamehe. Amaris yuko sekondari, na mwalimu wake wa historia, Bwana Pruitt, hafundishi historia ya nchi yetu hii kwa kitabu, anasema kitabu ni mtu aliyesimuliwa na mtu aliyesimuliwa, yeye analeta maandishi ya enzi zenyewe, barua za watu, karatasi za mahakama, magazeti ya zamani, kila mwanafunzi anachovya mkono kwenye kofia anatoa karatasi moja, anainakili kwa mkono wake, halafu anaiuliza maswali matatu, nani anasema, anamwambia nani, na nini anakinyamazia. Mimi nilipenda, sitakudanganya, mtoto alikuwa anarudi nyumbani anaongea mpaka chakula kinapoa.

Sasa Amaris akatoa kwenye kofia tangazo. Unajua wewe kwamba baada ya vita vilivyokomesha utumwa watu wetu waliouzwa huku na huko walikuwa wakitafutana magazetini, na wachungaji wakiyasoma matangazo hayo mimbarini. La Amaris lilisema hivi, nimelinukuu kama alivyolinakili:

“Namtafuta binti yangu Kezia. Aliuzwa kutoka kwangu huku Virginia akiwa na miaka minane, akapelekwa Alabama na msafara wa miguu. Ana kovu la moto kwenye kidole gumba cha kushoto. Atanijua, kwa maana nilimfundisha asiitike mpaka nimemwita mara ya tatu, apate kujua ni mimi. Wachungaji nawaomba walisome hili. Mama yake, Dorkasi.”

Mama Odell, nilishika beseni la bamia kwa mikono miwili. Kwetu sisi, tangu zamani, msichana akiitwa kutoka nje haitiki mpaka mara ya tatu, mama husema ya kwanza ni ya wafu na ya pili ni ya wafu, aliye hai tu ndiye mwenye subira ya tatu, na mimi nilipigwa kofi nikiwa na miaka sita kwa kumwitika baba yangu mzazi mara ya kwanza. Tena kila binti wa kwanza kwetu hupewa Kezia jina la pili. Mama ni Oletha Kezia, mimi ni Verlene Kezia, mtoto ni Amaris Kezia. Bwana Pruitt hayajui haya, na kofia haijui.

Kesho yake, saa tisa alasiri, jua linawaka, naanika shuka, nikasikia mwanamke anaita ng'ambo ya ua, kule mtaroni. Kezia. Kimya. Kezia. Haikuwa sauti ya kutisha na hilo ndilo lililonitisha, ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje ale. Duke, ambaye hata radi haisikii, aliinua kichwa mara zote mbili. Ya tatu haikuja. Nikaingia jikoni nikamkuta mama amesimamisha kisu hewani, nikamwuliza kama amesikia, akasema, “Kata bamia.” Ikawa kila siku saa ileile, mara mbili, na Amaris akirudi shule anasimama dirishani amekaza shingo kama mtu anayehesabu.

Basi nikafanya wafanyavyo watu wa kwetu ulimi wa mtu ukiwasumbua, huligandisha jina lake ili anyamaze. Niliichukua ile nakala yenye jina, nikaikunja mara tatu, nikaisukuma kwenye friza chini ya kambale. Siku hiyo hakuna aliyeita. Asubuhi yake Amaris aliamka hana sauti kabisa, hata ya kunong'ona. Daktari akamulika koo akasema ni safi. Mtoto akaniandikia kwenye karatasi, “Mama, umemgandisha bibi wa watu chini ya kambale?” Nilitaka kucheka nikashindwa. Sijui nani alimwambia. Nimeogopa kuitoa nimeogopa kuiacha, ni siku ya tisa leo.

Jumapili ijayo wanafunzi watasoma matangazo yao kanisani kwetu, mimbarini, kama Dorkasi alivyoomba, na Amaris ameniandikia kwamba atasoma, sauti iwepo isiwepo. Bwana Pruitt alinipigia simu kuuliza kama nyumbani kuna karatasi yoyote ya zamani, hata Biblia yenye majina, nikasema hatuna kitu, akauliza tena kwa upole, nikasema bwana, hatuna kitu. Lonnie anasema, “Verlene, mwache mtoto asome, huyo mama hana mwingine wa kumsomea.” Lakini mimi naogopa ya tatu itaitwa palepale kanisani na mwanangu ataitika, na mtu akiitika anakwenda. Shule imeleta fomu, mzazi akisaini mtoto anatolewa kwenye somo hilo. Ipo hapa mezani na kalamu juu yake.

Na jambo moja sijamwambia hata Lonnie, yeye gazeti lako hulifungulia ukurasa wa mpira tu. Biblia ipo. Iko chini ya godoro la mama. Mstari wa juu kabisa umeandikwa hivi: “Kezia, mwana wa Dorkasi. Alingoja mlangoni mpaka alipokufa. Mama hakuja.”

Nisaini au nisisaini? Nijibu upesi, mama, gazeti linatufikia Alhamisi na Jumapili haingoji.

Mama Amaris

*

Verlene, mimi nimekusikia mara ya kwanza, si mtu wa ukoo wenu.

Pole kwa mtoto. Mrudishe kwa daktari Ijumaa, koo safi lisilotoa sauti bado ni koo la kuangaliwa. Hilo kwanza. Sasa nikugombeze.

Mwanamke amepoteza mtoto wa miaka minane. Amemtafuta hadi akalipeleka jina lake gazetini aombe wageni wamsaidie kuita. Wewe, mama mwenzake, umemweka chini ya samaki. Huoni haya?

Nimeiuliza barua yako maswali ya Bwana Pruitt. Nani anasema? Mama. Anamwambia nani? Mtu wa mbali, kwa sababu wa karibu amewaficha. Nini anakinyamazia? Biblia, ukaitoa mwishoni kabisa kama mtu anayetema mfupa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na Lonnie, kama leo umepitiliza mpira, msamehe mkeo, alikuwa na hofu.

Wazee wako walihifadhi alama wakasahau maana yake. Hawakukufunza kumkimbia anayeita, walikufunza kumtambua. Mmoja alikufa akiita, mwingine alikufa akingoja mlangoni, na karatasi mbili zinazowakutanisha, moja iko kwenye friza yako na nyingine chini ya godoro la mama yako. Hapo kati umesimama wewe na kalamu.

Fomu usisaini. Toa nakala leo mchana, ilaze kati ya taulo mbili, usiikaushe kwa moto, wino utakimbia. Mwombe mama yako Biblia, umwombe, usiivute. Mpigie Bwana Pruitt umwambie ulisema uongo mara mbili. Jumapili mkae benchi la mbele, wewe na Bi Oletha. Amaris akikosa sauti, simama kando yake, aoneshe mstari kwa kidole nawe usome. Darasa la tisa linatosha.

Unaogopa mtoto ataitika. Basi asiitike yeye. Anayeitwa ni binti wa Dorkasi, na binti mkubwa kuliko wote aliyebaki hai ni mama yako, ambaye anasikia vizuri sana na anajifanya anakata bamia. Jina likiitwa mara ya tatu, na aitike Bi Oletha, kwa sauti, ataje jina lake na la mama yake. Halafu mfungue Biblia, na chini ya ule mstari mwandike tarehe.

Barua zote mimi huzisoma kwa sauti hapa ofisini kabla ya kujibu. Yako imenishinda kuimaliza. Jina lile nimelitamka mara mbili, nikaiweka barua mezani, iliyobaki nimeisoma kimoyomoyo.

Ya tatu ni yenu. Nileteeni habari Jumatatu asubuhi, msichelewe.