Sinema ya Japani Isiyo na Ngumi

Jumanne, 4 Juni 2024

Bertin, mwenye banda letu la video, amerudi kutoka Kazimia na flashi. Sinema ya zamani ya Japani, nyeusi na nyeupe! Yeye mwenyewe hajaitazama. Japani ni karate, basi — tayari ameandika ubaoni pale mlangoni: JUMAMOSI SAA TISA, VITA KALI, SAUTI YA CLARISSE. Sauti ni mimi. Mwaka wa tano huu nawafasiria watu wa Baraka filamu kwenye micro, kipaza sauti chetu, na nisipoelewa, natunga.

Jumatano, 5 Juni

Nimeitazama peke yangu. Hakuna hata ngumi moja. Mama anaweka mabakuli mawili mezani, anakumbuka kijana wake amehama, anarudisha moja kabatini. Vita yenyewe ndiyo hiyo.

Lakini huyo mzee aliyeiongoza — lo! Kamera ameikalisha chini, kama mgeni aliyepewa mkeka. Uso wa mama haonyeshi. Mgongo tu, na mikono. Na hana haraka. Nimelia kama mjinga. Bibi yangu kule Kilembwe alimpakulia mjomba Nicolas hivyohivyo, mwaka mzima baada ya yeye kwenda machimboni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemweleza Bertin. Ubao hafuti. "Vita utaiweka na mudomo yako, Clarisse. Ni kazi yako." Watu wakitoka kabla ya mwisho, micro atampa Dany, mfasiri mwenzangu. Dany anajua kulia kama bunduki, hilo sikatai.

Nimerudia pale pa mabakuli mara nane, najaribu kupasemea. Kila neno langu linapaharibu. Mzee yule alijua pa kunyamaza. Mimi sijawahi kujua.

Jumamosi, 8 Juni

Wamejaa! Mwanzoni nimesema sana, hata yule shangazi wa kwenye sinema, maskini, nimemfanya mchawi. Wamecheka. Nimeona aibu kidogo.

Sasa mabakuli. Nimezima micro. Naandika kwa mwanga wa skrini.

Mtu wa nyuma anauliza, "Sauti imekufa?" Bertin mlangoni ananifanyia ishara: sema! Wawili wametoka. Mama Gloriose, yule mkulima wa Burundi anayekaa mbele kila Jumamosi, anasema taratibu, "Ile ingine ilikuwa ya mutoto wake." Wa pembeni yake: "Nyamaza kidogo, mama, tuangalie."

Dany amefika, kanyoosha mkono, anataka micro. Nimeikalia.