Kila Alhamisi Walikaa Wasiimbe

Mpendwa dada,

Shikamoo.

Matanga yako yameanuliwa. Habari hiyo imetolewa na Baba Mdogo Elia, jana asubuhi, kwa simu kutoka Korogwe, na ameitoa kama mtu anayetaja bei ya sukari. Kwa maelezo yake, ukoo ulikutana baada ya mavuno ya mahindi. Watu walikula, wakanyoa, nguo chache ulizokuwa umeziacha kule zikagawiwa, kila mmoja akarudi kwake. Nilipouliza kwa nini sikuambiwa, alisema kila mmoja alidhani mwenzake ameshapiga simu.

"Kwani huko kwenu bado mnalia?" akauliza.

Swali hilo ndilo limenifanya niombe nafasi hii ya gazeti, ambayo kwa kawaida huwa ya mambo ya uhamiaji na kodi za nyumba. Wasomaji wengi walikufahamu. Kwa wasiokufahamu: kazi yako ilikuwa kutunza wazee, na jioni za Alhamisi ulikuwa mwalimu wa chama cha opereta cha mtaa wetu, hapa mashariki ya Toronto, chama cha watu wanaoimba bila kulipwa. Opereta ni mchezo wa kuchekesha ambao watu wanazungumza kama kawaida, halafu bila kuonya mtu wanaanza kuimba. Mwishoni wanaoana. Nimetazama yote uliyoisimamia, na hadi leo sina maelezo bora kuliko hayo.

Nianze na yale ninayoyajua kwa hakika.

Tulikuzika wakati wa baridi. Watu walikuja kaburini, wakaja na nyumbani kwangu Crescent Town kwa siku chache, wakala, wakaomba, kisha wakaacha kuja. Nyumba yako mwenyewe ilikuwa imesharudishwa kwa mwenye nyumba. Nilikaa kwangu nikasubiri. Jioni nilichemsha chai ya watu wengi nikainywa peke yangu. Nikajiambia kwamba watu wana zamu, wana mabasi mawili matatu ya kupanda, na kwamba ndivyo msiba wa Kanada ulivyo. Ukumbini kwenu sikwenda. Niliamini chama kinaendelea na mazoezi yake, na kwamba uso wangu ungewaharibia nyimbo za kuchekesha.

Wiki iliyopita Bi. Margaret, mpiga piano wenu, alinipigia simu. Unamjua, hapotezi maneno. Safari hii aliyapoteza mengi.

"Nimewakosea nini?" aliuliza. "Wanakuja kila Alhamisi. Wote. Wanapanga viti, wanafungua madaftari ya nyimbo, wanakunywa chai. Mimi nafungua piano. Hakuna anayeimba. Saa mbili na nusu wananishukuru na kwenda nyumbani. Tangu dada yako afariki ni hivyo hivyo. Wamenichoka?"

Nilimuuliza kama amewauliza wenyewe. Alisema amewauliza, na wamemjibu kwamba wao wanangoja. Wanangoja nini? Hapo walimtazama kwa huruma na kumwongezea chai.

Aliongeza jambo moja. Ofisi ya kanisa, ambayo ndiyo yenye ukumbi, imegundua kwamba chama cha kuimba hakiimbi. Kuna watu wa karate wanautaka ukumbi siku hiyo hiyo. Kama mazoezi hayataanza Alhamisi ya wiki hii, nafasi itakwenda kwa watu wa karate, na bila ukumbi hakuna mchezo wa mwaka huu. Bi. Margaret alisema bila mchezo wa mwaka huu hakuna chama, kwa sababu wazee waliobaki hawana mwaka mwingine wa kusubiri. Alilisema hilo bila kulia.

Dada, nimeandika habari za mahakamani kwa miaka mingi, Dar es Salaam na hapa. Nimezoea kukuta pande mbili zinazosema tofauti. Sijawahi kukuta pande mbili zinazokunywa chai pamoja kila wiki na kila upande haujui mwenzake amekaa hapo kwa nini.

Wewe ungejua. Ulikiingia chama hicho kwa mlango wa nyuma. Ulikuwa ukimsukuma kwenye kiti cha magurudumu bibi mmoja uliyekuwa ukimtunza, mwimbaji wao wa zamani, unamfikisha ukumbini na kukaa nyuma na koti lake mapajani. Jioni moja ukainua mkono. Uliwaambia kwamba sauti ya pili wanakwenda "fa" na inatakiwa "mi". Walikugeukia kama vile koti ndilo limesema. Bi. Margaret akapiga piano, ikawa "mi".

Baada ya hapo ulileta watu. Kwanza Mama Furaha, kutoka Uvira, ambaye anapakia mizigo kwenye ghala kule Malton na sauti yake inasikika hadi uwanja wa ndege. Kisha wenzake wa kanisani, Wakongo na Warundi, mpaka wazungu waliobaki wakawa kama wageni waalikwa. Nikakuuliza unawafundishaje Kiingereza cha kuimba watu ambao cha kununulia mkate bado kinawapiga chenga. Ukasema, "Wanaelewa nani anampenda nani na nani anamzuia. Hayo mengine ni sauti." Uliwaandikia sauti zote kwa herufi, do re mi, nyuma ya kalenda za zamani, ukazibandika ukutani kama tulivyofundishwa kwenye kwaya ya misheni. Bi. Margaret alisema amefundisha muziki maisha yake yote na hapo anaona alfabeti tu.

Nakumbuka usiku wa onyesho la kwanza kuliko nilivyotaka kuukumbuka. Mazoezini ulikuwa umezoea kutoa sauti mwenyewe, kwa kinywa chako, "doo", na wao wakaipokea. Do yako ilikuwa chini kuliko ya piano, na hakuna aliyekuwa ameona ubaya wowote. Pazia likafunguka, Bi. Margaret akaanza kama ilivyochapishwa kwenye kitabu chake, na kwaya nzima ikaingia kama ilivyochapishwa kichwani mwako. Meya wa mchezo, mzee mmoja mwenye masharubu ya bandia, alikuwa katikati akijaribu kuwafuata wote wawili. Nilifunga macho. Nilipoyafungua, ulikuwa umeielekezea piano kiganja kama askari wa barabarani. Bi. Margaret akaacha kupiga. Mliimba mpaka mwisho bila piano, na pale Meya alipokataliwa na binti wa mwoka mikate, akina mama wa Kirundi waliokuwa nyuma walipiga vigelegele. Watu wakacheka mpaka wakainama.

Niliandika kwenye gazeti kwamba piano na kwaya hazikuafikiana. Kesho yake ulinipigia.

"Mdogo wangu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Watu walicheka?"

"Walicheka."

"Mbona hukuandika kwamba walicheka?"

Nilisema sikuandika kwa sababu sikujua walikuwa wanacheka nini. Ukaniuliza kama nimekula.

Basi Alhamisi iliyopita nilikwenda. Nilikuta kama nilivyoelezwa. Viti vimepangwa nusu duara, madaftari yamefunguliwa mapajani, birika la chai liko kwenye meza ndogo. Kalenda zako bado ziko ukutani. Hakuna aliyeimba wala aliyeongea kwa sauti. Nilipoingia wote walisimama, na mmoja baada ya mwingine wakaja kunishika mkono. Pole papa, yaani baba. Pole sana. Mungu akupe nguvu. Kama vile umefariki asubuhi ile. Bi. Margaret alikuwa kwenye piano akiniangalia, akisubiri nimweleze.

Nilikaa karibu na Mama Furaha nikamuuliza wanafanya nini pale.

"Tuko kwenye kilio," alisema.

"Kilio cha nani?"

Akaniangalia kama anapima kama nina homa. "Cha Mwalimu. Wewe si ndiye mwenye kilio? Kila juma tunakuja, tunakungoja. Wewe hauji. Tukasema labda mutu ana uchungu mingi, tumuache."

"Mimi nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nawangoja ninyi."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu. Crescent Town."

"Ee, papa! Kwako ni kwako. Kwa Mwalimu ni hapa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, dada. Walitafuta nyumba ya marehemu wakaona ni ukumbi wa chini wa kanisa. Nyumba yako ilikuwa na watu wengine, na kwangu wewe ulikuwa mgeni wa Jumapili. Wamekulilia wiki hadi wiki mahali ulipokuwa ukiishi kweli, na mfiwa peke yake ndiye ambaye hakuwepo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mtaa, nikinywa chai ya watu wengi.

Niliwaambia habari za karate. Mama Furaha alikuwa anazijua.

"Ukumbi ukiondoka, umeondoka," alisema. "Lakini nani anaimba vichekesho kwenye kilio? Wewe toa kilio, sisi tutaimba. Hata leo."

"Nianue matanga vipi? Mimi ni mdogo mtu. Kwetu hiyo ni kazi ya wakubwa."

"Basi piga simu kwa wakubwa," alisema, na wenzake wakaguna kwa kukubali. Mmoja akanipa kadi ya simu.

Hayo ndiyo yaliyosababisha simu ya jana. Nilimwambia Baba Mdogo Elia kwamba kama yeye ameshaanua huko, basi hapa pia yameanuliwa, sivyo? Alifikiri kwa muda mrefu, kwa dakika zangu za kadi.

"Hao watu wa huko waliona sisi tukianua?"

"Hawakuona."

"Basi kwao hayajaanuliwa. Wakusanye. Wale chakula. Wewe ufagie."

"Nifagie nini?"

"Mahali alipokuwa anakaa. Nyumba ya msiba haifagiliwi mpaka siku hiyo, umesahau? Ufagie, utoe taka nje, halafu waimbe. Alikuwa anawaimbisha nini?"

"Vichekesho, Baba Mdogo."

"Kanisani?"

"Chini ya kanisa."

"Ah. Chini," alisema, kana kwamba hilo limesawazisha kila kitu, na kadi ikaisha.

Nilimpelekea Mama Furaha ujumbe huo. Nilimweleza pia tatizo lililopo, kwamba ukumbi unafagiliwa kila siku na mashine ya kanisa, na hakuna hata unyoya wa kufagia. Akasema, "Mashine si mutu wa familia," na mjadala ukafungwa.

Bi. Margaret naye nilimweleza, kwa Kiingereza, polepole, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelielewa kwa siku chache tu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wakati wote huo nilikuwa msibani?" Nikasema ndiyo. "Na nilikuwa nimekaa vizuri?" Nikasema nimeambiwa alikaa vizuri sana. Aliniomba nimpe dakika moja, akaweka simu chini bila kuikata. Nilisikia akipenga kamasi.

Sasa niseme yale nisiyoyajua, ambayo ni mengi zaidi.

Sijui kama ninaanua matanga au ninaokoa ukumbi. Ningekuwa naiandika habari hii ya mtu mwingine, ningemuuliza swali hilo na kumkazia macho. Sijui kama nataka wamalize. Walipokuwa wamekaa kimya na madaftari mapajani, do ilikuwa bado yako, hakuna aliyekuwa ameitoa badala yako. Mama Furaha ndiye atakayeitoa sasa. Nilimuuliza ataitoa wapi, ya piano au yako. Akajibu, "Nitafungua kinywa, tutaona." Bi. Margaret anasema yuko tayari kwa yoyote kati ya hizo mbili, na kwamba safari hii atamfuata yeye. Lililo kweli ni kwamba sijui ni ipi ninayotaka kuisikia, na sijui kama nitaweza kukaa hapo ikiwa ni yako.

Sijui pia ulikuwa unakipendea nini chama hicho. Nimelifikiria hilo tangu baridi. Mwanamke anageuza wazee kitandani mchana kutwa, anapanda basi, anakwenda kubishana na watu wazima kuhusu binti wa mwoka mikate. Nilikuuliza mara moja ukanijibu kwa kuniwekea wali. Nilitarajia kwamba ningelijua ukishaondoka, kwa sababu watu husema hivyo, kwamba mtu akiondoka ndipo unamwelewa. Mimi sijakuelewa zaidi. Ninachojua ni kwamba watu waliotoka kazini Malton wakiwa wamevunjika migongo walikuja kukaa kimya kwa ajili yako, na hakuna aliyewaambia waje.

Ofisi ya kanisa nimeipigia simu leo. Nimewaambia mazoezi yanaanza. Waliuliza nani anasema hivyo, nikasema ni ndugu wa Mwalimu, na wameandika.

Lala salama, dada. Chakula analeta Mama Furaha, wali na maharage na samaki, na Bi. Margaret ameahidi keki ambayo hakuna atakayemaliza. Nimenunua ufagio wa mti mrefu, kwa sababu ufagio wa chelewa haupatikani hapa. Ni Alhamisi hii, ukumbi wa chini, saa kumi na mbili tunakula. Kabla ya saa moja nitakuwa nimeshafagia, na saa moja kamili wataimba.

Mdogo wako