Mabati ya Bei Rahisi

Mama,

Nyumba yako imeezekwa. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza wajukuu wako wamekula nini, kwa hiyo nalisema mapema. Imeezekwa kwa nyasi. Tafadhali usinikasirikie kabla hujanisikiliza.

Kikundi chenu cha akina mama hakikukusahau. Matanga yako yalipokwisha tu, Mama Rasto, mwenyekiti wenu, alifika hapa Ndalu, akakalia kigoda chako bila kukaribishwa, akasema, "Huyu alituezekea sisi wote. Kufa hakumtoi kwenye mzunguko." Nililia mbele yake, na unajua mimi silii ovyo. Miaka yote ile mlichanga kila baada ya mavuno, mkanunulia mmoja wenu mabati, mkaenda kumwezekea kwa nyimbo. Na kila zamu yako ilipofika ulimpa mwingine. "Nyasi yangu bado nzuri," ulisema, huku mvua ikidondoka kwenye sufuria katikati ya nyumba. Kwa kweli Mama, ulikuwa unaniudhi.

Sasa mimi na watoto ndio tunaoishi ndani yake, tangu niache kushona kule Bungoma. Kwa hiyo akina mama walipochanga, walichanga kwa ajili yako lakini paa lilikuwa la kutufunika sisi.

Nilienda Kitale na mdogo wangu Wafula kuuliza bei. Kwanza nilipita kwenye kiwanda cha mbao, kwa sababu yako. Nilikumbuka ulivyotusimulia ile nyumba ya mzungu ulikokuwa ukifua nguo, iliyoezekwa kwa vibao vya mwerezi, kwamba mvua ikinyesha juu yake mtu husikia mvua tu, hasikii kelele za bati. Yule mwenye kiwanda aliniangalia viatu kabla ya kunitajia bei. Fedha za upande mmoja wa paa la vibao zingetosha kuwaezekea mabati nusu ya kikundi chenu. Wafula alicheka mpaka nikamfinya.

Tukaingia kwa Kalasinga anayeuza vifaa vya ujenzi. Unamkumbuka, yule aliyezaliwa hapo hapo Kitale na anayekuuliza habari za ng'ombe kabla ya kukuuzia chochote. Safari hii hakuuliza habari za ng'ombe. Alituambia bei ya mabati, ambayo imepanda tena, kisha akasema, "Lakini hii miezi nauza misumari tu, mama. Misumari ya mabati inaisha, mabati yenyewe imekaa hapo inashika vumbi. Sasa hawa watu wanapigilia nini?" Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, hakuwa anatania.

Jibu alilipata Wafula kwenye soko letu la Ndalu. Kulikuwa na mtu mwenye lori, anauza mabati nusu ya bei ya dukani. Yametumika, yana matundu ya misumari, lakini yamenyooka na hayana kutu. Wafula alirudi mbio kama aliyeokota pochi. Ati matundu tutaziba na lami, na fedha zitakazobaki zinunue mbolea. Nami nilifurahi, sitakudanganya. Nilitoa fedha za akina mama kwa mkono wangu, na mabati yakaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka uani.

Niliyageuza mimi mwenyewe ili niyaoshe. Chini ya bati la kwanza kulikuwa na rangi ya buluu. Mistari mitatu ya vidole, na ule wa katikati mfupi.

Mama, nilikaa chini.

Kidole chako nilikijua kabla ya kujua kuandika jina langu. Nilikuwepo siku ile jembe lilipokikata, na nilikuwepo siku mlipoamua mabati ya kikundi yawekwe alama kwa sababu ya wezi. Ulichovya vidole kwenye rangi iliyobaki ya mlango wa kanisa, ukawa unapitisha chini ya bati moja baada ya jingine, unacheka, unasema mwizi akitaka kuyaita yake atalazimika kukata kidole chake pia. Rangi hiyo ilitosha nyumba moja tu, ya Mama Robai, rafiki yako. Yule aliyeuza kipande chake hapa akanunua shamba kule juu kupita Kitale, karibu na msitu. Mlipanda lori la mahindi kikundi kizima kwenda kumwezekea, na ulirudi umepoteza sauti kwa kuimba. Niligeuza mabati yote. Yote yalikuwa na vidole vyako.

Habari za Mama Robai zilikatika tangu moshi wa nyumba zinazochomwa uanze kuonekana upande ule. Hukuuona moshi huo, Mama, na nashukuru. Mchana kweupe unauona umesimama kwenye vilima, kesho yake umesogea. Watu wanapita barabarani na kuku, na magodoro, na wazee wamepakiwa kwenye mikokoteni. Hawasimami kusalimu. Jirani uliyekula naye anakuuliza kwa upole kabila la mke wa ndugu yako, na hujui kwa nini anauliza.

Nilimwambia Wafula hatupigilii. Akanijia juu. "Bati ni bati, bana! Kwani itaongea? Si tukiacha mwingine atanunua?" Nikamwambia aende akamtafute Mama Robai kwanza, halafu aniambie hayo tena. Akaenda kwa hasira. Waliokimbia wako kwenye uwanja wa kanisa kule Kitale. Aliuliza hema hadi hema, hakuna aliyemwona. Mwanamke mmoja wa kijiji chake alimwambia tu kwamba kule nyumba zimebaki kuta, mapaa hakuna, na kwamba zile za nyasi hazikubakisha hata kuta. Wafula alirudi. Alichukua mundu akaanza kuunoa.

Mama Rasto na wenzake walikuja wamejifunga leso za kazi, wakijua ni siku ya kuimba. Niliwaonyesha. Mmoja mmoja aliinama akagusa rangi ile, na hakuna aliyeanzisha wimbo. Mwishowe Mama Rasto akasema, "Huyu mwenye paa yuko wapi, ndio sisi tulale chini yake?" Kisha wakaingia mtoni kukata nyasi, wale wale wanawake ambao kwa miaka mingi walifanya kazi ya kuiondoa nyasi juu ya vichwa vya watu. Walifunga matita, wakatuezekea. Mabati tuliyaingiza ndani, tukayaegemeza ukutani.

Ulikuwa ukisema nyasi haigharimu kitu. Mwaka huu inagharimu, Mama. Kiangazi kimeanza na paa lako limekauka vizuri mno. Majirani wananiuliza kama nimerukwa na akili, kuezeka nyasi wakati kiberiti kimoja kinatosha. Ndoo za maji ziko mlangoni, na watoto nimewafundisha dirisha la kutokea. Wanadhani ni mchezo. Ninaogopa.

Na yule mtu wa lori alikuja. Alikuja saa za mchana, amevaa vizuri, akasimama uani bila kuvua kofia. "Mbona hamjaezeka? Ama kuna kitu mliona kwa mabati yangu?" Nilimwambia fundi anaumwa. Akatabasamu. "Fundi ako sawa. Nimemwacha sokoni saa hii." Aliitazama nyasi yako mpya kwa muda mrefu, akauliza tuko wangapi humu ndani, kisha akaenda zake polepole. Wafula anasema tuyauze mabati hayo tuhamie Bungoma. Labda tutahamia. Lakini hatutayauza. Tukienda tutayabeba, hata watu wakitucheka kwamba tumekimbia na paa la mtu mwingine.

Ninakuahidi hilo, Mama. Hakuna msumari utakaopigwa kwenye bati lile mpaka Mama Robai mwenyewe asimame mbele yangu aniambie nilipeleke wapi. Paa lako la bati litapatikana mwaka mwingine, kwa bei ya dukani, hata ikipanda mpaka wapi.

Sasa nakuomba kitu kimoja, kwa kuwa wewe uko mahali ambapo Wafula hawezi kwenda kuuliza. Angalia huko kama rafiki yako amefika. Kama amefika, mkaribishe, umwambie mabati yake yako kwetu, hayajaongezwa hata tundu moja. Na kama hujamwona, basi yuko hai mahali fulani, na mimi nitaendelea kumngoja.

Mama yangu, naomba uwe hujamwona.

Pumzika salama.
Binti yako, Naliaka.