Salamu za Mama Sheikha

Dubai, Januari 2016

Kwako kaka Zadock,

Mimi ni mzima, ila miguu imevimba. Meli yetu ilifunga gati jana asubuhi, na sisi wa kufua mashuka tukapewa ruhusa ya kutoka hadi jioni. Wenzangu walikwenda kutazama maduka makubwa. Mimi nikaona nitembee tu.

Nilipotea katika vichochoro vya Deira mpaka nikatokea Al Muraqqabat. Watu ni wengi ajabu, na hakuna aliyenitazama. Nilinunua sambusa, nikaila nimesimama.

Halafu nikasikia Kiswahili ndani ya duka la mabaibui. Niliingia, ingawa sikuwa na haja ya baibui. Mwenye duka ni Mama Sheikha, mtu wa Lamu.

"Karibu mwanangu. Kwenu wapi?"

"Vihiga."

"Mama hajambo?"

Kaka, tangu uliponipigia simu kwamba mmemzika, hakuna mtu melini aliyeniuliza habari za Mama. Nilifungua kinywa niseme ukweli, nikasema, "Hajambo, ila magoti yanamsumbua."

Akanimiminia chai. Tuliyazungumza magoti hayo kwa kirefu, akanieleza na mafuta ya kuyachua.

Nilipoaga akasema, "Msalimie sana."

Nilirudi bandarini nikilia njia nzima. Ukienda kaburini, tafadhali mfikishie salamu za Mama Sheikha wa Lamu. Mwambie pia kwamba nilikuwa baharini, sikukataa kuja.

Ndimi dada yako,
Peninah