Injekta ya Lori la Baba

Carver Creek, Idaho
12 Novemba 1996

Dada Lorene,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba kikohozi cha Toby kimepoa. Mimi mzima. Baba naye anaendelea: mkono wa kushoto umefunguliwa bendeji, wa kulia bado, kwa hiyo namkatia nyama na kumsomea barua.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Agosti lori letu la maji lilizimika mlimani, moto wa msitu ukiwa nyuma yetu, kwa sababu petroli ilikuwa ikichemka kwenye bomba kabla ya kuifikia kabureta. Baba akabana vibanio vya mbao vya kuanikia nguo kwenye bomba kama alivyofundishwa na babu, ati mti unanyonya joto. Tuliokolewa na upepo uliogeuka, si na vibanio. Ndipo ukatutumia injekta, kifaa kinachoongozwa na kompyuta kupuliza petroli kwenye injini badala ya kabureta. Baba alidai kabureta anaitengeneza kwa bisibisi na matusi tu, lakini dude lako likigoma itabidi alitafutie mganga wa kompyuta. Nikamwambia hata nyumbu alikuwa na sifa zake, mbona babu alimuuza akanunua lori. Akacheka, akaniruhusu nilifunge.

Siku tatu lori lilipanda mlima bila kukohoa. Siku ya nne likawaka moto, na Baba akafungua boneti kwa mikono mitupu.

Tangu hapo anawaambia watu wote dukani kwamba binti yake alimnunulia jeneza akalituma kwa posta. Ukipiga simu, unajua mwenyewe, haji.

Barua yako ya juzi nilimsomea mezani. Nilipofika pale unapoomba radhi alinisimamisha, akataka nirudie. Akajifuta macho kwa bendeji. Kisha akasema, "Mwandikie nimemsamehe. Aje Sikukuu ya Shukrani na ile pai yake ya maboga, yaishe."

Nimeketi kuandika hivyo na mkono umekataa. Lorene, injekta yako haikuwa na kosa lolote. Maelekezo yalionya kwa herufi kubwa kwamba mpira wa zamani wa mafuta usitumike, maana pampu mpya iliyokuja na injekta inasukuma kwa nguvu zaidi. Mpira mpya ulikuwemo ndani ya boksi, ila ulipungua shibiri moja. Duka la vipuri liko maili sitini, nami niliogopa Baba akingoja hadi kesho atabadili nia. Nikafunga ule wa zamani. Ndio uliopasuka. Niliuona siku ileile nikautupa mtoni, Baba akiwa bado hospitali. Miezi miwili nimekuacha ubebe lawama yangu, na naona aibu kubwa.

Baba yuko mbele yangu, anasubiri. Unamjua, haniruhusu kufunga bahasha kabla hajasikia kila neno. Ikiwa barua hii imekufikia, basi ujue nimemsomea.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Verlin