Nafasi Ikitanuka

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, ingawa naona haya: kiukoo mimi ni babu yako, kiumri nina miaka kumi na saba. Hapa Chamwino sote wazima, na mtama umekubali.

Umeuliza kama nafasi ikitanuka huko angani, muda nao unatanuka. Swali hilo nililiuliza darasani kwa Kiswahili, Kiingereza kiliponikwama.

"Nafasi? Mimi mwenyewe sina nafasi, kaa chini!" alisema mwalimu, akiwahi tuisheni yake. Wenzangu wakacheka. Nikakaa, na hasira bado ninayo.

Nimetafuta mwenyewe. Muda hautanuki, saa za kule kwenye nyota za mbali zinakwenda kama zetu. Ila mwanga utokao kule hurefushwa njiani kadiri nafasi inavyotanuka, ndiyo maana mambo ya kule tunayaona yakienda polepole.

Jumatatu nitasimama kulijibu swali hilo, kwa Kiswahili, mwalimu akiwa palepale.

Babu yako,
Yona