Mikono Mipya ya Gari Lako

Baba,

Ko! Mlio huo haujanitoka tangu safari yetu ya mwisho kutoka Kanga. Kila mara tairi la mbele kushoto lilipozama shimoni: ko! Ulipunguza redio, ukasikiliza, ukasema, "Mikono ya kushikia matairi imechoka. Tutabadilisha." Wiki mbili baadaye tukakuzika, na gari likabaki uani.

Nina habari, Baba! Hata kukaa vizuri siwezi.

Baba mdogo alikuwa amempata mtu wa Kilindoni anayetaka injini tu, aifunge kwenye boti yake. Nilipokataa akanicheka: "Gari halishiki barabara, we binti! Digrii yako ya viumbe vya bahari ndiyo italitengeneza?" Nikamwomba anipe hadi Ijumaa. Likifika Kanga na kurudi salama, linabaki. Akakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Mikono miwili mipya ikaja na boti ya Nyamisati, imefungwa kwenye gunia. Bolti za zamani zilikuwa zimeganda kwa chumvi. Nilizilowesha dizeli siku tatu, kama ulivyokuwa ukifanya, asubuhi kabla ya kwenda ofisini kwetu kwenye hifadhi ya bahari na jioni nikirudi. Mama akipita ananiambia, "Baba yako angalau alikuwa anabadili nguo kwanza!"

Mkono wa kushoto ulipotoka, nikakuona. Zile bushi za mpira ndani yake, bolti inamopita, hazikuwa za dukani. Ni zile ulizochonga kwenye tairi bovu, mwaka ule vipuri vilipokosekana. Alama za kisu bado zipo. Mimi ndiye niliyekushikia tairi, ukaniambia, "Usiangalie kisu, angalia mpira." Nikakaa chini mchangani. Nililia, Baba. Kisha nikacheka, maana moja uliichonga kombo.

Nikafunga mikono mipya kama nilivyokuona ukifunga: gari juu ya jeki, matairi yananing'inia, bolti zote nikazikaza hadi mwisho. Alhamisi jioni nikalishusha. Lilisimama pua juu kama limeshtuka! Nikalisogeza hadi barabarani, likalia kwa kila jiwe. Nikajua kesho injini inakwenda kwenye boti.

Nilikaa na bushi yako mkononi mpaka nikaelewa. Mpira wako haukushikana na chuma, ulizunguka wenyewe, kwa hiyo kuukaza gari likiwa juu hakukuudhuru. Hizi mpya mpira umegandishwa kwenye chuma. Ukizikaza gari likiwa juu, likishuka mpira unajinyonga. Hukukosea, Baba. Ulifanya sawa kwa bushi zako. Mimi ndiye niliyeiga bila kuangalia mpira.

Ijumaa baada ya sala ya alfajiri nikalegeza bolti zote, nikaliacha gari likae kwa uzito wake. Nikachimba mchanga katikati ya matairi hadi mwili wangu ukaingia, nikakaza upya nikiwa chali. Mpira ulikuwa haujapasuka, alhamdulillahi.

Baba mdogo akapanda. Kwenye shimo lile kubwa kabla ya Kanga akashika mlango kwa mikono miwili. Gari likaingia, likatoka. Kimya! Akanigeukia: "Hebu rudi nyuma, tupite tena." Tukapita mara tatu, Baba, mara tatu! Mara ya tatu alikuwa anapiga makofi. Tulipoingia Kanga watu walidhani tuna harusi, na tukarudi hadi nyumbani bila ko hata moja.

Natamani ungekuwa pale. Basi tu.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema, mwalimu wangu. Nakuahidi nitaendelea kukuiga, ila kwa macho wazi.

Jumamosi sikumsubiri baba mdogo. Nilimfuata mwenyewe yule mtu wa Kilindoni, nikamwambia atafute injini kwingine. Na jana, Mama alipokwisha kuridhia na kutia sahihi, nimebadilisha kadi ya gari. Ina jina langu.

Binti yako,
Rukia